Meza ya Wawili kwa Madame Lien

Jumamosi asubuhi soko la Kadutu, mjini Bukavu, halina adabu. Unasukumwa na mwenye debe la mafuta, unakanyagwa na mama mwenye kikapu cha maharage, na wa kukuomba radhi humwoni. Katikati ya vurugu hiyo, mwezi wa pili mwaka 1958, Modeste Bulonza alikuwa ameinama mbele ya mafungu ya tangawizi, akinusa kipande kimoja kimoja, aliposikia sauti ya mwanamke nyuma ya shingo yake.

"Papa, pardon. Nani alishona hii kola yako? Ni kipofu?"

Modeste aligeuka. Alikuwa amevaa koti jeupe la kazi, lenye kola ya kusimama, utepe mweusi wa satini, na ndege wa miguu mirefu aliyetariziwa kifuani kwa uzi wa dhahabu. Koti lile lilikuwa fahari yake. Kadutu nzima hapakuwa na jingine kama hilo, na mpaka asubuhi ile hapakuwa na mtu aliyelitia kasoro.

"Kola iko na nini, mademoiselle?"

"Kola iko inaangalia Rwanda, na weye uko unaangalia Kavumu."

Wauza tangawizi waliangua kicheko. Aliyesema hivyo alikuwa msichana mrefu, mwenye kilemba chekundu na blauzi ya mikono iliyovimba mabegani, na kwenye ukingo wa kilemba alikuwa amechomeka sindano mbili, moja na uzi mweupe, nyingine na uzi mweusi. Jina lake Domitille. Alishona katika duka la Madame Despina, Mgiriki aliyewavalisha wake wa wakubwa wa Avenue Royale, na kushona kubaya kulimuuma. Hakuweza kuona mshono mbaya akaupita.

"Simama sawasawa," aliamuru. "Kidevu juu."

Modeste, mtu mzima wa miaka ishirini na saba, alisimama sawasawa na kuinua kidevu. Domitille alifumua utepe kwa meno, akaurudisha mahali pake, akaanza kushona palepale, huku watu wakiwapita na majogoo yao na mikungu yao ya ndizi. Vidole vyake viligusa koo la Modeste. Alinukia sabuni na kitambaa kipya. Modeste alipenda palepale, na mimi simlaumu, maana wapo waliopenda kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

"Unatumika wapi, unavaa namna hii?"

"Kwa Madame Lien. Pavillon de Jade, kule chini La Botte, penye bazungu banakulaka chakula ya Asia. Niko chef wa bagarçons."

Mkuu wa wahudumu! Mkono wa Domitille ulisimama kidogo.

"Basi nikuulize kitu moja, chef wa bagarçons. Unakulaka ukikaa, ao unakulaka ukisimama?"

"Hiyo ni ulizo gani?"

"Ni ulizo yangu. Jibu."

Ukweli ni kwamba Modeste alikula amesimama. Alikula jikoni, sahani mkononi, bega ukutani, dakika tano kati ya mteja na mteja, sikio likiwa mlangoni. Lakini mwanaume aliyeshikwa kola na msichana mzuri hasemi kila kitu.

"Nikikaa," alijibu. "Kwani miye ni ng'ombe?"

Domitille alicheka, akakata uzi. "Sasa kola inaangalia mbele. Ukitaka kusema merci, duka yetu iko na telefone."

*

Simu ndiyo iliyowalea. Madame Despina alipenda kuwakaribisha wateja wake chakula cha mchana, na kazi ya kupiga simu Pavillon de Jade, iliyokuwa ya mtu yeyote, tangu wiki ile ikawa ya Domitille peke yake.

"Pavillon de Jade, bonjour."

"Bonjour, monsieur. Ni kwa Madame Despina. Anataka meza ya batu quatre, midi na nusu, karibu na dirisha."

"Meza iko. Na weye, chérie, nikuwekee dirisha gani?"

"Miye niko nyuma ya cherehani. Dirisha yangu ni ukuta."

"Basi naandika hapa ndani ya kitabu: Mademoiselle Domitille, peke yake, siku haijulikane."

"Peke yangu? Nitazungumuza na birika?"

"Birika ya kwetu inajua kuzungumuza kuliko bwana yako yeyote. Ukitaka maji ya moto tena, hauite mutu. Unafungua kifuniko kidogo, unakiweka upande. Garçon anaona, anakuya. Njo sheria ya Madame Lien. Hapana kupiga vidole, hapana kupiga kelele."

"Na bazungu banafuata hiyo sheria?"

"Bamoja bamoja," alisema Modeste.

Alimsimulia kila kitu kwa simu: taa za karatasi nyekundu, bakuli za buluu nyembamba hata mwanga unapenya, bata aliyepakwa asali, na maji ya samaki ambayo Madame Lien aliyaagiza kwa chupa kutoka mbali na yaliyonuka mpaka paka wa jirani walihamia uani. Domitille alicheka mpaka Madame Despina akapiga mkasi mezani. Jumapili jioni walitembea pamoja kandokando ya ziwa, wakapeana mikono, wakapeana siri. Siri moja tu Domitille hakuitoa.

Siri hiyo ilikuwa nyumbani kwao, katika chumba cha mbele, pembeni. Ilikuwa kiti.

Marehemu baba yake, Papa Firmin, alikuwa boy, yaani mtumishi wa nyumbani, wa Wazungu wa La Botte miaka ishirini na miwili. Bwana wake alipofungasha kurudi Ulaya, Papa Firmin alinunua kwake kiti cha mbao nzito chenye mikono na mto wa ngozi, akakibeba kichwani mpaka Kadutu, watu wakimpigia vigelegele. Akakiweka pembeni. Hakukikalia. Kila jioni mama yake Domitille alimwambia, "Firmin, kaa basi, ni kiti yako," naye akajibu, "Kesho." Alikula amesimama, mgongo ukutani, sikio mlangoni, katika nyumba yake mwenyewe, mbele ya mke wake na mtoto wake, mpaka alipokufa. Nguo zake zilikunjwa zikawekwa juu ya kile kiti, na pale zimekaa mwaka wa nne. Siku ya msiba Domitille aliapa kwamba hataolewa na mwanaume asiyeweza kukaa mezani pake akala akashiba.

*

Mpaka mwaka ule, mtu mweusi aliingia Pavillon de Jade kwa mlango wa jikoni. Hapakuwa na maandishi mlangoni, na hayakuhitajika. Lakini ulikuwa mwaka wa maonyesho makubwa ya Bruseli, mambo yalikuwa yanalegea, leo bar hii, kesho sinema ile. Siku moja ya mwezi wa sita Madame Lien alimwita Modeste penye kaunta. Alikuwa mwanamke mdogo wa Hanoi, mjane wa Mbelgiji mwenye shamba la kahawa, na siku zake za kwanza Bukavu yeye mwenyewe alikuwa ametazamwa vibaya katika milango kadhaa.

"Jumapili utaingia kwa mlango wa mbele," alimwambia kwa Kifaransa chake cha haraka. "Na tai. Utakaa meza ya dirishani. Kama una mwanamke, mlete."

"Madame, miye?"

"Wewe. Nataka wa kwanza awe mtu anayejua chakula changu."

Modeste alikimbilia simu.

Domitille alipomwambia mama yake, Maman Eulalie alishika kiuno. "Utafungua kinywa mbele ya mwanaume ambaye hajaleta hata mbuzi? Miye nilikula mbele ya baba yako baada ya harusi, na hata vile niligeuka upande ya ukuta!"

"Maman, huko hapana ukuta. Kuko madirisha tu."

"Mungu wangu. Basi tafuna polepole."

Jumapili ile, baada ya misa, ukungu wa kiangazi ukiwa bado juu ya ziwa, walipanda ngazi za mbele za Pavillon de Jade. Domitille alivaa gauni la buluu lenye vidoto vyeupe, kiuno kimebanwa, alilolishona kwa masalio ya kitambaa cha mke wa daktari mmoja. Modeste alivaa suti ya kijivu ya kuazima, suruali ndefu kuliko miguu yake. Wazungu walinyanyua macho, wakayateremsha, wakayanyanyua tena. Madame Lien mwenyewe aliwavutia viti.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Zililetwa nem, yaani nyama na uyoga vilivyoviringishwa katika karatasi ya mchele na kukaangwa, na mtu huzivika jani la saladi na mnanaa kabla ya kuchovya. Domitille alishika vijiti viwili vya kulia kana kwamba alizaliwa navyo, maana vidole vya fundi vinajifunza upesi. Modeste aliangusha nem ya kwanza kwenye bakuli la mchuzi, ya pili kwenye tai.

"Miaka ine unabeba hii chakula, hata kukishika haujui?"

"Nilifundishwa kubeba, chérie. Kukula hapana."

"Leta nikushikie mukono, mutoto."

Alimshika mkono. Kisha, akiwa na hofu aliyoificha kwa kicheko, akafungua kinywa mbele ya mwanaume kwa mara ya kwanza maishani mwake, akauma.

Ndipo meza ya tatu mtu akapiga vidole. Mara mbili, pa, pa. Alikuwa Mzungu, mlimaji wa kinini kutoka kijiji cha Miti, mteja wa kila Jumapili. Alikuwa anasoma gazeti, wala hakuinua macho. "Garçon! Bia."

Modeste alisimama. Hakuamua kusimama. Miguu ilisimama yenyewe, na mkono ukatoa kitambaa mapajani ukakitandika juu ya mkono wa kushoto. Alikwenda, akainama, akasema oui, monsieur, akaleta chupa, akainamisha glasi, akamimina bia mpaka povu likafika vidole viwili. Alipokuwa anafuta shingo ya chupa, ndipo akakumbuka amevaa suti.

Aligeuka. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama Domitille, na Domitille alikuwa peke yake mezani, nem nusu mdomoni. Alimeza kwa shida. Akalaza vijiti vyake sawasawa, akachukua mkoba, akatoka kwa mlango uleule wa mbele.

Modeste alimfikia kwenye ngazi. "Domi! Chérie, ngoja!"

"Rudia kazi yako. Batu banakuita."

"Kumbe unanionea haya? Ju nabeba sahani?"

"Haya? Ndiyo, Modeste, naona haya. Uniache."

Alishuka mteremko akilia, mkoba ukimpigapiga kiunoni. Modeste alibaki kwenye ngazi na kitambaa mkononi. Alichosikia ni kwamba msichana wa Avenue Royale hamtaki boy. Moyo wake ukaumia, na baada ya kuumia ukakasirika, kama mioyo yetu inavyofanya ili isife.

*

Miezi miwili simu ilikuwa chombo cha kazi tu. Kutoka kwa Madame Despina alipiga mshonaji mwingine, Georgette, mwenye sauti ya pua. Modeste aliandika kitabuni, meza ya watu sita, meza ya watu watatu, merci, au revoir. Domitille alishona mpaka macho yakawa mekundu, na nguo za miezi ile, walioziona wanasema, zilikuwa nzuri kupita zote. Usiku? Usiku wake hautuhusu.

Siku moja ya mwezi wa nane, kati ya wateja wa kwanza na wa pili, Modeste alikuwa jikoni anakula wali. Constantin, mpishi msaidizi, aliyewahi kuchimba dhahabu Luhwindja na aliyezungumza kana kwamba bado yuko shimoni, alipita na sufuria.

"Sogea, Modeste! Kila siku unanizibia mulango! Hauna matako ya kukalia?"

Modeste alijitazama. Sahani mkononi. Bega ukutani. Sikio mlangoni. Na sauti ya msichana ikamjia kutoka sokoni, meno yake kwenye uzi: unakulaka ukikaa, ao unakulaka ukisimama? Alikuwa amemdanganya siku ya kwanza kabisa, na siku ya nem alimwonyesha uongo wake mbele ya watu. Domitille hakuwa amechukia sahani. Alikuwa amechukia kule kusimama.

"Constantin," alisema. "Unajua kupiga vidole?"

Tangu siku hiyo, kila saa tisa, wateja wakiisha kuondoka, Modeste aliketi kwenye meza ndogo iliyo chini ya simu, akapakuliwa wali, na Constantin akasimama nyuma yake akapiga vidole. Siku ya kwanza Modeste aliruka, meza ikapinduka. Siku ya pili aliruka. Wiki ya pili aliinuka nusu. Constantin alipiga pa akiwa mbele, akapiga pa akiwa nyuma, akaita "Garçon!" kwa sauti ya kizungu, na wapishi wote walikuja kutazama wakashika mbavu. Modeste alicheka nao, ila jasho lilimtoka. Madame Lien alitazama kutoka kaunta bila kusema neno, na siku ya tano akamwekea bakuli la buluu badala ya sahani ya jikoni.

Na siku moja ya mwisho wa mwezi, Georgette akiwa na homa, simu ililia saa tisa na robo.

"Pavillon de Jade, bonjour."

"Bonjour, monsieur. Ni kwa Madame Despina. Meza ya batu cinq, samedi."

"Domi."

"Batu cinq, monsieur. Karibu na dirisha."

Pa!

"Ni nini hiyo?" aliuliza Domitille.

"Ni Constantin. Anapiga vidole."

"Anaita nani?"

"Ananiita miye. Niko nakula."

Mashine za duka la Madame Despina zilisikika zikikimbia.

"Unakula ukisimama?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimekaa, Domi. Nimekaa kabisa, matako mbili. Hata telefone ilipolia sikusimama, niliivuta kwa kamba."

Pa! Pa! "Garçon!" alinguruma Constantin.

"Unasikia? Na niko nimekaa. Wiki tatu najifunza. Siku ile ya soko nilikudanganya, mupenzi. Nilikulaka nikisimama tangu nianze kazi. Miye nilizani unachukia kazi yangu."

"Kazi yako?" Domitille alianza kulia na kucheka kwa pamoja. "Miye ninashona magauni ya wanawake wenye hata jina yangu hawajui. Nitachukia kazi ya nani? Nilifungua kinywa mbele yako, Modeste! Maman yangu alifanya vile baada ya harusi. Miye nilifanya ju yako, mbele ya bazungu, na weye uliniacha natafuna peke yangu."

"Najua."

"Haujue yote. Sikia." Na pale kwenye simu ya duka, Madame Despina akipiga mkasi mezani na yeye asijali, alimweleza habari za Papa Firmin, na kiti, na neno lile kesho. Modeste alisikiliza mpaka mwisho. Hata Constantin alishusha mkono.

"Domi," alisema Modeste, "niko na kitabu hapa. Niandike meza?"

"Ya batu cinq, samedi, nilisema."

"Na ingine?"

"Ingine ya batu deux, miye na weye. Dimanche."

"Kwa jina gani?"

"Andika ya kwako. Na ukisimama, Modeste, naapa nakuchoma na sindano."

*

Safari hii, Jumapili, Domitille hakuvaa gauni la Ulaya. Alivaa vitenge viwili vya kijani na njano, blauzi yake ya mikono iliyovimba, na kilemba kilichosimama mpaka mtu wa meza ya nyuma asione ziwa. Modeste alikuja na suti yake mwenyewe, mpya, na kola iliyotazama mbele. Safari hii pia hawakuwa peke yao: mwalimu mmoja mweusi wa Bagira na mke wake walikuwa wameketi pembeni, wakivitazama vijiti kwa mashaka.

Walikula supu. Walikula bata wa asali. Mlimaji wa kinini alikuwa meza ya tatu na gazeti lake.

Pa, pa. "Garçon!"

Goti la Modeste liliruka, likagonga meza chini kwa chini, chai ikamwagika kidogo. Domitille aliweka mkono wake juu ya goti lile. Hakulikandamiza, aliuweka tu. Modeste alishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili na jasho likamtoka kwenye paji.

"Garçon! Modeste!"

Aliitwa kwa jina sasa. Modeste aligeuza kichwa, kichwa peke yake, akasema kwa Kifaransa cha heshima alichotumia kila siku: "Samahani, monsieur. Garçon anakuja. Mimi ninakula."

Gazeti lilishuka. Mzungu alimtazama, akaitazama suti, akamtazama Domitille, na mkono wake ukabaki hewani kwa kukosa kazi. "Ah," alisema mwishoni. "Bon. Pardon." Akarudi nyuma ya gazeti lake, masikio mekundu. Madame Lien alimpelekea bia yeye mwenyewe, bila haraka.

Modeste alinyosha mkono, akafungua kifuniko cha birika, akakilaza upande. Miaka minne alikuwa amekitazama kifuniko kile kutoka mbali, kikimwita. Garçon kijana alikuja, akajaza maji ya moto, akainama. "Merci," alisema Modeste, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na hakuyaficha.

"Umekaa," alisema Domitille.

"Nimekaa. Sasa nikuombe ndoa nikiwa nimekaa, ao nipige magoti kama ndani ya sinema?"

"Ukitoka kwa hiyo kiti, nakuacha."

"Basi nakuuliza hapahapa. Domitille, utakulaka na miye? Kila siku, mpaka tuzeeke, bugali ikiwa bugali, nem ikiwa nem?"

Domitille aliokota nem kwa vijiti vyake, akaivika jani la saladi, akaichovya, akaitia mdomoni mwa Modeste mbele ya ukumbi mzima. "Tafuna polepole," alisema. "Ndiyo. Ndiyo, mupenzi."

*

Mwezi wa tisa, Jumapili baada ya misa, Modeste alikwenda kwa Maman Eulalie akiwa na baba yake mdogo, Tonton Pascal, mitungi miwili ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, na habari za ng'ombe aliyekuwa tayari amefungwa kwa ndugu zake Kabare. Wazee wa pande mbili walijaa katika kile chumba cha mbele, viti vikaisha, mikeka ikaisha. Mwoaji, kama desturi, alibaki karibu na mlango. Alisimama mikono nyuma, mgongo umenyooka, akisikiliza kama anaitwa. Hakujua kwamba amesimama vile. Domitille, aliyekuwa anachungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi, alijua.

Maman Eulalie pia aliona. Alikuwa anaongea habari ya ng'ombe, akakatisha katikati. Aliinuka, akaenda pembeni, akaanza kuondoa nguo za marehemu juu ya kiti, shati kwa shati, suruali, koti jeupe la kazi lenye vifungo vya shaba. Alizipeleka chumbani kwa mikono miwili. Aliporudi aliupangusa ule mto wa ngozi kwa upindo wa kitenge chake, na vumbi la miaka likaruka.

"Mutoto yangu," alimwambia Modeste. "Kuya ukae."

"Maman, hiyo ni kiti ya muzee."

"Muzee alisema kesho. Miye nimechoka kungojea hiyo kesho. Kaa."

Modeste alivuka chumba. Alimtazama Domitille mlangoni mwa jikoni, na Domitille aliitikia kwa kichwa, ndiyo. Akageuka, akaketi, akaegemea mpaka nyuma, akaweka mikono yake juu ya mikono ya kiti. Kiti kililia kwa ndani, maana ilikuwa mara yake ya kwanza kukaliwa katika nyumba ile. Domitille alileta bugali na samaki wa ziwa, akaviweka mbele yake, na Modeste akala mpaka akashiba.